Vyanzo tisa, sentensi moja: kisa cha kazi mradi kuhusu Nairuzi

Kazi yenyewe ilikuwa nadhifu. Jalada la rangi, yaliyomo, vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari, na picha ya meza ya mwaka mpya wa Kiajemi yenye samaki wa dhahabu kwenye bakuli. Mada: Utamaduni wa Waajemi, Nairuzi na Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Nairuzi ndio huo mwaka mpya wa Kiajemi, na Mwaka Kogwa ni sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, ambamo watu hupigana kwa vigogo vya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Aliyeiandika ni msichana wa kidato cha tano hapa Unguja mjini, ambaye kwao mama ni Makunduchi penyewe, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya marejeo tisa: tovuti sita, video moja, kijitabu kimoja na makala moja ya jarida.

Ninakiandika kisa hiki kwa sababu wanafunzi wengi huambiwa tu "tafuta vyanzo vya kuaminika" kisha wakaachwa. Huyu alitafuta kwa bidii. Shida yake haikuwa uvivu, wala haikuwa intaneti. Alikuwa na vyanzo tisa vilivyosema jambo moja, na hakujiuliza ni nani aliyelisema kwanza.

Tovuti ya kwanza kwenye orodha iliandikwa hivi: "Google, 2024." Hiyo tuliimaliza upesi. Kuandika Google kwenye marejeo ni kama kuulizwa samaki umenunua kwa nani ukajibu "barabarani". Tukaifuta, zikabaki nane.

Kisha tukafika kwenye sentensi iliyobeba kazi nzima: "Meza ya haft-sin ni desturi ya Waajemi yenye zaidi ya miaka 3,000." Kwa asiyeijua, ni meza inayoandaliwa Nairuzi ikiwa na vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi sini: sabzeh, yaani nafaka iliyooteshwa kwenye sahani, samanu, uji mzito mtamu wa ngano iliyochipua, senjed, tunda dogo kavu, sir, kitunguu saumu, sib, tufaha, somaq, kiungo chekundu chenye ukali, na serkeh, siki. Watu huongeza kioo, mishumaa, mayai yaliyopakwa rangi, na kitabu: Qurani, au diwani ya mshairi wa Kiajemi Hafez, au vyote viwili.

Nikamuuliza: "Miaka 3,000, nani amesema?"

"Wote, Mwalimu. Tovuti tano zimesema."

Tukazifungua zote tano, moja pembeni ya nyingine. Maneno yalikuwa yale yale, mpangilio wa vitu saba ule ule, na tatu kati yake zilikuwa na kosa moja la tahajia mahali pamoja. Hakuna iliyotaja mwandishi wala iliyosema imeyatoa wapi. Mtu mmoja aliandika, wengine wakanakili na kubandika, na kwa hesabu ya uthibitisho tano hizo ni moja, tena moja isiyo na jina. Kosa lililonakiliwa ni alama nzuri sana ya kugundua jambo hili. Wasomi wa miswada ya kale hufanya hivyo hivyo: nakala mbili zikikosea mahali pamoja, zina mama mmoja.

Pa kwenda palikuwa kwenye Encyclopaedia Iranica. Ni ensaiklopidia iliyoasisiwa na Ehsan Yarshater katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, sehemu zake za kwanza zikatoka mwaka 1982, na inasomeka bure mtandaoni. Ninaipenda kwa jambo moja la kawaida kabisa: kila makala ina jina la aliyeiandika, na chini yake kuna orodha ya alivyovisoma. Makala ya haft-sin imeandikwa na A. Shapur Shahbazi, mwanahistoria wa Iran ya kale. Na yeye, aliyekuwa na kila sababu ya kutamba kwa miaka 3,000, anasema asili na historia ya desturi hiyo haiko wazi.

Msichana akanyong'onyea. Nilimwambia asubiri, maana njia hiyo hiyo inafika kwa mtu mkubwa zaidi. Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarazm, Asia ya Kati, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwa Kiarabu, karibu mwaka 1000, kitabu kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa ya kale. Humo anaeleza Nairuzi, na anataja kuwa watu walikuwa na desturi ya kuotesha aina saba za nafaka, kisha kwa jinsi zilivyoota wakabashiri mavuno ya mwaka. Tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Eduard Sachau ilichapwa London mwaka 1879, na kwa umri wake imo mtandaoni bila malipo.

"Basi ni kweli!" akasema.

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pote. Biruni anasema saba, na anasema mbegu zilizooteshwa. Hasemi meza, hasemi sini, hasemi siki wala kitunguu saumu. Kinachoweza kuandikwa kwa kumtegemea ni kwamba kufikia karibu mwaka 1000 kulikuwa na desturi ya Nairuzi ya kuotesha aina saba za nafaka, na kwamba sabzeh ya leo inafanana nayo. Zaidi ya hapo ni kumtia Biruni maneno mdomoni. Chanzo kinaweza kuwa cha kuaminika kabisa na bado kisibebe sentensi uliyokitundikia. Wanafunzi wanaopotea hapa ni wengi kuliko wanaotumia tovuti mbovu, na walimu huwapita bila kuwaona kwa sababu marejeo yanapendeza machoni.

Palikuwa na dada yake sentensi hiyo, nayo ni maarufu: kwamba zamani meza ilikuwa haft-shin, ya herufi shini, ikiwa na sharab, mvinyo, kisha Uislamu ulipoingia mvinyo ukaondolewa na shini ikawa sini. Kisa kitamu, na kinasimuliwa na Wairani wenyewe. Lakini mtoto aliyepita chuo cha Qurani hahitaji ensaiklopidia kukitilia shaka. Sharab ni neno la Kiarabu, na sham', mshumaa, anayetajwa pia kwenye orodha hiyo, ni wa Kiarabu vilevile. Desturi ya Waajemi wa kabla ya Waarabu ingepangwaje kwa maneno waliyokuja nayo Waarabu? Nikamwachia achague: aifute, au aiandike kama simulizi ya watu, akisema ni simulizi. Akaichagua ya pili, na nadhani alifanya vyema. Simulizi isiyo historia bado ni utamaduni, ili mradi iitwe kwa jina lake.

Utangulizi wa kazi ulikuwa na maneno ya Koreshi, yule yule mfalme wa Uajemi anayetajwa katika kitabu cha Ezra. Nukuu ilimfanya aape kwa Ahura Mazda, mungu wa Waajemi wa kale, apige marufuku utumwa na aahidi kutomtawala asiyetaka kutawaliwa. Chanzo: "Silinda ya Koreshi." Silinda hiyo ipo kweli. Ni ya udongo wa kufinyangwa, iliandikwa kwa Kibabeli baada ya Koreshi kuitwaa Babeli mwaka 539 K.K., ikachimbuliwa mwaka 1879 na Hormuzd Rassam, na imo kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Tafsiri yake iliyofanywa na Irving Finkel iko kwenye tovuti ya jumba hilo, na kuisoma yote hakuchukui nusu saa. Mungu anayesifiwa humo ni Marduk wa Babeli. Ahura Mazda hatajwi. Marufuku ya utumwa haimo. Ni tafsiri ya kubuni iliyoenea kwenye intaneti, na imewanasa wakubwa: ile ahadi ya kutowatawala wasiotaka ilisomwa hata kwenye hotuba ya kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2003. Kwa hiyo sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba ukitaja kitu kilichomo kwenye jumba la makumbusho, jumba lenyewe ndilo la kwanza kuliendea.

Kijitabu kilimletea tatizo nisilolitarajia. Kilikuwa cha picha, kimechapishwa Tehran, alipewa na jirani. Ukurasa wa ndani ulikuwa na mwaka: 1387. Akafikiri ni hijria, akatafuta, akaandika 1967. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa hijria yetu ya mwezi, ile ya Ramadhani. Lakini Iran inachapisha vitabu kwa hijria ya jua, ambayo mwaka wake huanza Nairuzi, nayo 1387 yake ilianza Machi 2008 ikaisha Machi 2009. Kijitabu kimoja, tofauti ya miaka arobaini na zaidi. Picha zenyewe zilikuwa zinasema: kulikuwa na mtu ameshika simu ya mkononi. Mtego ulio mkubwa kuliko huo ni wa vitabu vya kati ya 1976 na 1978, wakati serikali ya Shah, mfalme wa Iran, ilipoanzisha kalenda ya kifalme. Ukikuta 2535 kwenye kitabu cha Kiajemi, hakijatoka siku zijazo, ni cha 1976. Tulikubaliana aandike mwaka kama ulivyo kitabuni kisha wa kawaida kwenye mabano: 1387 (2008/2009). Yeyote atakayekitafuta maktaba ataukuta kwa namna zote mbili.

Makala ya jarida ndiyo iliyokuwa na sura nzuri kuliko zote. Mwandishi, kichwa, jina la jarida, juzuu, kurasa. Haikuwepo. Jarida lipo, juzuu ipo, na kurasa hizo zilikuwa za makala nyingine kabisa isiyohusu Uajemi. Nilipomuuliza aliisoma wapi akanyamaza kidogo, kisha akasema aliiomba akili mnemba impe marejeo. Hizi programu hutunga marejeo kwa ufasaha ule ule zinaotumia kusema kweli. Sheria yangu tangu hapo ni fupi: usichokishika mkononi au kukifungua kwenye kioo chako, hakiingii kwenye orodha. Ukisoma maneno ya Biruni ndani ya makala ya mtu mwingine, mtaje Biruni kwenye matini kuwa amenukuliwa na huyo mwingine, na orodhani umweke huyo mwingine. Haikupunguzii heshima. Inamwambia msomaji mkono wako umefika wapi.

Mengine tuliyapita mbio. Alikuwa amechanganya mambo matatu ya kimataifa katika sentensi moja: UNESCO iliiweka Nairuzi kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009; Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua 21 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Nairuzi mwaka 2010; na mwaka 2016 UNESCO ikapanua usajili ukafika nchi 12, kuanzia India na Pakistan hadi Uturuki na Kazakhstan. Kila taasisi ina ukurasa wake wa jambo lake. Wikipedia sikumkataza. Nilimwonyesha kwamba mali iko chini, kwenye tanbihi, na kwamba akilazimika kuitaja aende kwenye historia ya ukurasa achukue kiungo cha toleo alilolisoma, maana kesho litakuwa limebadilika. Nikamfundisha pia kutafuta kwa tahajia nyingi: Nowruz, Norouz, Navruz, Nevruz. Aliyetafuta "Nairuzi" peke yake anawapata waandishi wa pwani tu, na aliyetafuta "Nowruz" peke yake hawapati kamwe.

Sasa sehemu ya pili ya kazi, ya kwao. Aliandika: "Washirazi walitoka Shiraz mwaka 975 wakaleta Nairuzi, ndiyo Mwaka Kogwa." Kipande hiki watu wa pwani hukisoma kwa hisia, kwa hiyo nilitaka akitendee haki.

Habari ya wana wa sultani wa Shiraz waliokuja kwa majahazi imetufikia kupitia historia ya Kilwa, yenye sura mbili: ya Kiarabu, ambayo nakala yake iko London, na ya Kireno, aliyoiingiza João de Barros katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Zote mbili ziliandikwa karne nyingi baada ya tukio. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliusogeza mwanzo wa watawala hao hadi mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 Thomas Spear aliandika kuhusu Washirazi akizisoma simulizi hizo kama habari za Waswahili kujieleza wenyewe, si kama daftari la wahamiaji. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani na jirani yake: asili ya Asia ilionekana, sehemu kubwa ya Kiajemi na kupitia wanaume, ya Kiafrika kwa wingi kupitia wanawake, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Nilimwomba aipange midomo hii kwa miaka. Ndipo alipoona kwa nini mwaka huandikwa kando ya jina la mwandishi. Chittick hakukosea kwa kutoijua DNA ya 2023, hakuwa nayo. Anayemnukuu leo peke yake ndiye mwenye lawama. Na DNA nayo haisemi nani aliwasha moto kwenye kibanda cha makuti wala nani alipigana kwa vigogo vya migomba. Mfupa hauna kalenda ya sikukuu. Jirani ya Makunduchi, pale Kizimkazi, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla cha msikiti yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Alikuwa amekwishafika pale kwa ziara ya shule. Hakuwa ameutaja msikiti huo popote, akautafuta ushahidi kwenye tovuti ya mtu wa mbali.

Kisha nikamuuliza swali ambalo vyanzo vyake vyote vilikuwa vimelikwepa. Kama ni Nairuzi moja, kwa nini Iran wanasherehekea Machi na Makunduchi Julai?

Hakuwa na jibu. Siku chache baadaye alirudi na daftari. Alikuwa amekwenda kumuuliza bibi yake, mama wa mama, ambaye kwenye rasimu ya kwanza alionekana mara moja tu, chini ya maneno "baadhi ya wazee wanasema". Bibi alimwambia: "Mwaka hauna mwezi, mjukuu wangu. Sisi wadogo ulikuwa unaangukia Agosti. Unarudi nyuma taratibu."

Tukafanya hesabu ubaoni. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza hurudi nyuma siku moja kila miaka minne dhidi ya kalenda ya kawaida. Kwa miaka 60 ni siku 15. Sherehe inayoangukia wiki ya tatu ya Julai sasa ingeangukia mwanzoni mwa Agosti wakati huo. Maneno ya bibi yanakaa sawasawa. Waajemi nao walikuwa na mwaka wa namna hiyo hiyo wa siku 365, mpaka mwaka 1079 Sultani Malik Shah alipofanya mageuzi ya kalenda, Omar Khayyam akiwa miongoni mwa wanajimu wake, Nairuzi ikafungwa kwenye siku ya machipuo ambapo usiku na mchana hulingana. Waliobaki na mwaka wa zamani waliendelea kurudi nyuma. Waparsi wa India, wazao wa Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Kiajemi, waliohama Uajemi, ni mfano ulio hai: wengi wao mwaka wao mpya sasa huangukia katikati ya Agosti, na kundi lao jingine, la Kadmi, katikati ya Julai.

Julai! Msichana aliruka. Nilimzuia asiandike kwamba imethibitishwa, kwa sababu kulingana kwa tarehe si hati ya asili. Aliandika kwamba mwaka wa Makunduchi una tabia ya mwaka wa kale wa Kiajemi wa siku 365 na si ya Nairuzi ya Machi, akaonyesha hesabu, na akamtaja aliyemwelekeza huko. Sir John Gray, aliyekuwa jaji mkuu hapa Zanzibar, alikwisha kuandika juu ya Nairuzi na Siku ya Mwaka kwenye Tanganyika Notes and Records miaka ya 1950, na makala hiyo ikachukua nafasi ya ile ya kubuniwa.

Likabaki la kumweka bibi kwenye marejeo. Shule yetu hufuata APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo, na APA inasema mazungumzo ya ana kwa ana hutajwa ndani ya matini tu, jina na tarehe, wala hayaingii kwenye orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kuyaendea. MLA, mtindo mwingine, huyaingiza. Kwa kazi za huku kwetu mimi nasimama na MLA. Hata hivyo mwongozo ni mwongozo, kwa hiyo tulimtaja kwenye matini kama APA itakavyo, kisha tukafungua sehemu ndogo baada ya orodha, "Waliohojiwa": jina, mahali, tarehe, lugha ya mazungumzo, na kwamba maelezo yalichukuliwa kwa mkono na hayakurekodiwa.

Alirudi tena Makunduchi kumwomba ruhusa ya kutumia jina lake. Bibi alikubali kwa sharti la kusomewa kwanza alichoandikiwa. Aliposomewa akamsahihisha mjukuu mahali pamoja: habari ya kibanda kuchomwa alikuwa ameieleza kama alivyosimuliwa na mama yake kuhusu zamani za nyuma, si kama aliyoyaona mwenyewe, na akataka itenganishwe. Sentensi hiyo ikaandikwa upya ikawa na majina mawili, la aliyeona na la aliyesikia.

Marejeo ya mwisho yalikuwa saba. Mtahini wa ndani aliikata alama moja kwa kuwa "vyanzo vimepungua kutoka rasimu ya kwanza." Nilimpelekea zile tovuti tano zikiwa zimechapwa pamoja, kosa la tahajia limezungushiwa wino mwekundu, na alama ikarudi.